Maandishi yangu yalikuwa yakishuka ubaoni

Mtoto wa dawati la nyuma, yule ambaye huwa hanyamazi, alininyoshea mkono katikati ya hesabu za kugawanya. Nikadhani ataka ruhusa ya kwenda msalani. Akasema, "Ticha, mbona siku hizi waandika tini, chini hivi? Sisi wa nyuma hatuoni."

Nikageuka nikautazama ubao.

Nusu ya juu ilikuwa nyeusi tii, haina hata alama ya chaki. Tarehe, ambayo miaka yote naiandika kule juu kabisa kwenye kona, ilikuwa imekaa katikati, usawa wa kidevu changu, na hesabu zote zimesongamana chini yake mpaka ile ya mwisho niliiandika nimeinama. Nikachukua chaki nikajaribu kuirudisha tarehe mahali pake. Mkono ukafika usawa wa bega ukagoma. Sikusikia maumivu kwanza, ni ule ugumu tu, kama mlango wa mbao uliovimba wakati wa masika, wausukuma na hauendi. Halafu ndio maumivu yakaja, yakaanzia mbele ya kwapa yakashuka mpaka kwenye kiwiko.

Nikawaambia wa nyuma wasogee mbele. Somo likaendelea.

Ni wiki sita sasa na hilo neno "tini" halijanitoka kichwani. Manake maandishi hayakushuka siku moja. Yameshuka kidogo kidogo, kidole kimoja leo, kidole kimoja mwezi ujao, na mimi mwenye mkono sikujua, nimekuja kuambiwa na mtoto wa miaka tisa.

Meza ya mionzi

Mnaonijua mwajua nilipata saratani, nikatolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, dawa za kemo zikaisha, nikaenda Mombasa kupigwa mionzi. Hayo nilishayasema, sitayarudia. Leo nataka kuzungumzia ile meza.

Meza ni ngumu. Walala chali, mkono wa upande uliougua unainuliwa juu ya kichwa unawekwa kwenye kishikio, kisha wabaki hapo hutikisiki mashine ikizunguka. Lazima mkono uinuke, manake ukiwa chini unaziba njia ya mionzi. Na siku ya kupanga vipimo, kabla ya mionzi yenyewe, mkono wangu haukufika. Kwapani nilikuwa na kitu kama mshipi wa kuvulia samaki, uzi umekaza chini ya ngozi kutoka kwapani mpaka karibu na kiwiko, nikiinua mkono wajichora kabisa kwa macho. Baadaye ndio nikaja kujua kwamba huo uzi huwapata wanawake wengi waliotolewa tezi, mara nyingi wiki chache tu baada ya upasuaji, na kwamba kwa kunyooshwa taratibu huachia. Lakini wakati ule nilidhani ni wangu peke yangu.

Wale vijana wa mashine walinipa siku kadhaa nikajinyooshe. Nikawa nalala sakafuni kwa dada yangu pale Majengo nauvuta mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto huku machozi yanatoka, kwa sababu niliambiwa wazi kabisa, mkono usipoinuka mionzi haipigwi. Ukainuka.

Zamani wengi walipigwa mara 25 kwa wiki tano, siku hizi wengi hupigwa mara 15 kwa wiki tatu, na mimi nilikuwa wa 15. Jumatatu mpaka Ijumaa. Kila siku mtu aliuinua mkono wangu, akauangalia, akausogeza kidogo, akahakikisha uko pale pale ulipokuwa jana.

Siku ya mwisho walinipongeza. Nikaambiwa kuhusu ngozi, nisipake marashi, nisijisugue, nivae nguo za pamba zisizobana. Nikaambiwa kuhusu uchovu. Nikapewa tarehe ya kurudi.

Bega halikutajwa.

Hilo ndilo lililonikaa rohoni wiki zote hizi. Mkono ulipohitajika na mashine, kila mtu alijali umefika wapi. Ulipobaki kuwa mkono wangu tu wa kuchania nywele na kuanikia nguo na kuandikia ubaoni, hakuna aliyeuliza tena. Na mimi pia sikuuliza, nilihesabu siku ya 15 kuwa ndio mwisho.

"Kaa kitako"

Nilirudi kwetu Amu, yaani Lamu, na basi la asubuhi, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, na njia nzima mkono nimeukumbatia kifuani kama nimebeba kichanga. Ngozi ilikuwa imeungua, kila tuta la barabara nalisikia. Kwenye boti kijana alininyoshea mkono anivute, nikampa wa kushoto.

Na nyumbani nikapokewa kwa mapenzi ambayo siwezi kuyalipa. Halati yangu, dada wa mama, alihamia kwangu. Nazi sikuna, maji sichoti, nguo sifui. Nikigusa tu ndoo, "Kaa kitako mwanangu, mkono huo upumzishe, umeona mengi." Binti yangu alinichana nywele. Mume wangu alikuwa ananivulia buibui nikirudi kutoka nje, akalitundika mwenyewe. Jirani zangu walileta uji, mikate ya mofa, samaki, kila siku kuna sahani yaingia.

Nami nilikaa kitako. Mkono ukakaa pajani, umefunikwa na leso.

Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa najikunja. Upande wa kulia hauna kitu na sikutaka kionekane hakina kitu, basi bega nikalileta mbele, mgongo nikauinamisha, na juu ya hapo nimevaa buibui. Buibui lasitiri, ndio kazi yake, lakini lilinisitiri mpaka mimi mwenyewe sikuona bega langu lilivyozama. Huku kwetu vichochoro ni vyembamba, punda akija na mizigo ya mchanga lazima ubanane na ukuta, na nikikumbuka sasa naona kila punda aliyepita nilimgeuzia kushoto nikalificha bega la kulia ukutani. Miezi mingapi hiyo? Nane.

Usiku

Kama mwezi wa tano hivi baada ya mionzi ndio bega likaanza kuuma usiku. Mchana lilikuwa zito tu, usiku nikigeuka upande wa kulia naamka kwa kelele. Nikaanza kulala nimekaa, mito mitatu mgongoni.

Yeyote aliyewahi kuambiwa ana saratani ajua mawazo yalikwenda wapi. Yalikwenda kwenye mfupa. Nilikuwa nimesikia kwamba ikirudi hupenda mifupa, na hili bega si liko karibu kabisa na pale ilipoanzia? Nikakaa na hofu hiyo wiki nyingi bila kumwambia mume wangu, kwa sababu nilimwona anaanza kucheka tena, na sikutaka kuwa mimi wa kumnyang'anya kicheko hicho.

Kilichoniumiza zaidi ni swala. Takbira ya kwanza, mikono miwili hadi usawa wa mabega, jambo nililofanya tangu utotoni bila kufikiri. Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulisimama kifuani. Nilijua dini ni nyepesi kwa mgonjwa, nilijua swala yangu ni sawa, na bado nilikuwa naona haya, kama niko mbele ya mtu nimpaye mkono nusu.

Halati akaniambia niumikwe, nipigwe chuku. Nilikataa, nilishaambiwa mkono ule nisiuchanje wala kuutoboa ovyo kwa sababu tezi zake zimeondolewa na ukiingia wadudu waweza kuvimba. Basi akaleta mkandaji, mama mmoja hodari sana, amewanyoosha watu wengi waliotenguka na simlaumu hata kidogo. Akanipaka mafuta ya uto yaliyotiwa moto, akaushika mkono akauvuta juu kwa nguvu mara moja. Niliona nyota. Siku tatu sikuweza kufunga leso.

Baada ya hapo nikaenda hospitali, sitaitaja. Daktari aliyekuwa zamu aliniuliza umri, nikasema 47, akasema bega kuganda ni kawaida kwa wanawake wa umri huo, akanipima sukari kwa sababu wenye kisukari hupatwa zaidi, sukari ikawa sawa, akanipa vidonge vya maumivu. Hakusema uongo. Bega kuganda kweli huwapata wengi kati ya miaka 40 na 60. Lakini hakuniuliza kama nimewahi kupigwa mionzi, na mimi, sijui ni uoga au ni heshima, sikumwambia. Niliogopa nikisema "saratani" atasema lile neno la mfupa.

Nikarudi na vidonge.

Leso iliyokunjwa ngumi

Ndio sasa, siku tatu baada ya yule mtoto na ubao wake, nilikwenda kwa dada wa mazoezi, fizio. Ni mdogo, nafikiri hata miaka 30 hajafika. Nilimwambia kila kitu mpaka la mfupa. Hakunicheka wala hakunipoza kwa maneno. Alisema, "Mwalimu, hilo tulitoe kwanza," akanipeleka nikapigwe picha, na jibu la daktari lilipokuja kwamba mfupa ni safi nilikaa kwenye benchi la nje nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Tena akanijaribu vidole, nivibane, nivitanue, niseme kama vina ganzi. Mionzi mara chache hugusa mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka shingoni kwenda mkononi, na dalili zake ni ganzi na vidole kuishiwa nguvu, kwa hiyo alitaka ajue si hiyo. Akanipima unene wa mikono yote miwili kwa utepe kama fundi cherehani. Akauliza kama bangili zimeanza kubana. Hazikuwa zimebana.

Halafu akanieleza, na alivyonieleza sitasahau. Aliishika leso yangu kifuani, akaikunja ngumi, akaniambia, "Haya inua mkono." Nikainua. Leso ikakaza begani, mkono ukasimama.

"Umeona? Bega lako halijavunjika. Kinachokuvuta kiko huku mbele."

Misuli ya kifua imeshikana na bega. Kidonda cha upasuaji kikipona huacha kovu, hilo laonekana, lakini mionzi nayo huacha kovu lake ndani, kwenye misuli na nyama iliyopitiwa, na hilo halimalizi kazi siku ya 15. Laendelea kukaza polepole kwa miezi, kwa wengine kwa miaka. Kwa hivyo mtu aweza kumaliza mionzi mkono unafika juu vizuri, mwaka ukipita haufiki, na hakuna siku hata moja atakayosema ni leo umeharibika. Ukijikunja kama nilivyojikunja, kombe la bega lasogea mbele, na mkono hauna tena nafasi ya kupanda. Usipoutumia, mfuko unaozunguka kiungo chenyewe nao wasinyaa. Yaani mambo matatu yamekamatana.

Nikamuuliza swali lililokuwa lanichoma. Je, ni kule kukaa kitako? Ni halati yangu na mapenzi yake ndio yaliniganda bega?

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Kupumzika hakukuanzisha, lakini hakukusaidia."

Ukali wangu uende wapi

Jibu hilo nimelibeba huku na huku. Kuna siku nilikasirika na halati, nikamjibu vibaya alipotaka kuninyang'anya ufagio, na nikaona uso wake ulivyobadilika. Miezi minane alilala kwenye jamvi karibu na kitanda changu. Angejuaje? Tangu lini kwetu mgonjwa anaambiwa aamke afue? Mapenzi kwetu ni kumwondolea mtu kazi mikononi, ndivyo tulivyolelewa, na mimi ningemfanyia yeye vile vile.

Ukali wangu nauelekeza pengine. Hili si jambo la siri. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa Uingereza wa wanawake 392 waliopasuliwa titi na ambao walikuwa hatarini kupata matatizo ya bega, wakiwemo wa kupigwa mionzi kwapani. Nusu walipewa karatasi za maelezo tu, nusu wakapewa na mtu wa mazoezi wa kuwafuatilia, wakianza siku saba hadi kumi tu baada ya upasuaji. Mwaka ulipofika, wale wa mazoezi mikono yao ilikuwa inafanya kazi vizuri zaidi na maumivu yamepungua. Na nyuma yake, 2009, ulikuwepo wa Marekani, wanawake 141 ambao mikono yao tayari ilikuwa imevimba baada ya saratani, nusu yao wakanyanyua vyuma kwa kuongeza uzito kidogo kidogo wakisimamiwa, na uvimbe haukuzidi. Sasa mimi nilikatazwa kunyanyua hata birika.

Kwa hiyo dawa ilikuwepo na haina gharama ya mashine. Ilitakiwa sentensi moja siku ile ya kupongezwa. "Mkono huu uendelee kuuinua kila siku, hata ngozi ikipona, hata mwaka ujao." Nusu dakika. Na mtu atokaye Amu, anayepanda boti na basi siku nzima kufika kwenye mashine, hawezi kurudi kila wiki kuuliza alichosahau kuambiwa. Kwake yeye hasa ndio sentensi hiyo ilikuwa ya lazima.

Zidaka za bibi

Naishi nyumba ya marehemu bibi yangu, Mkomani, na chumba cha ndani bado kina zidaka zake, vile vishubaka vya ukutani, safu tatu. Safu ya chini iko usawa wa kifua changu, ya kati usawa wa paji la uso, ya juu ni mpaka unyooshe mkono wote. Huko juu kuna bakuli la kichina la bibi lenye ufa. Tangu niugue sijaligusa.

Zoezi ni hili. Nasimama mbele ya ukuta, vidole vyapanda ukutani kama kaa, polepole, mpaka pale panapovuta, nahesabu pumzi tano, vinashuka. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Kabla yake nainama nauachia mkono uning'inie ubembee wenyewe. Usiku nalala chali, viganja nyuma ya kichwa, viwiko naviachia vifunguke, hilo ndilo gumu kuliko yote na ndilo linalofungua kifua. Kovu nalisugua taratibu kwa kiganja na mafuta kidogo, si kwa nguvu. Na maji ya moto ya kukandia naweka mbali na upande ule, ngozi iliyopigwa mionzi yaweza kuungua bila wewe kusikia.

Sheria ya dada wa mazoezi ni moja, ivute lakini isiume, na kila siku. Nilipomsimulia ya mkandaji alisema kuvuta kwa nguvu mara moja kwaifanya nyama ijilinde na kukaza zaidi.

Siku ya kwanza nilipiga mstari wa penseli pale vidole vilipofikia. Vidole viwili juu ya safu ya chini. Wiki ya pili, vidole vitatu. Wiki ya tatu nilijiona hodari nikafanya mara 50 kwa siku, bega likawaka, nikarudi chini ya mstari wa kwanza, na jioni hiyo niliona bora niache. Halati ndiye aliyekuja akasimama nyuma yangu kesho yake. Hakuniambia nikae kitako. Aliweka mkono wake mgongoni kwangu, katikati ya makombe mawili, akasema, "Nyoosha hapa kwanza." Nikanyoosha. Vidole vikapanda.

Wiki hii nimegusa ukingo wa kidaka cha kati, ncha za vidole tu. Takbira wa kulia wafika karibu na bega, si sawasawa na mwenzake. Tarehe ubaoni imepanda kidogo. Bakuli la bibi liko mbali bado, na dada wa mazoezi amenionya kwamba kovu la mionzi halilali, hata nikilifikia itabidi niendelee.

Simu

Juzi usiku nilipewa namba ya mama mmoja wa Faza. Yuko Mombasa kwa mwanawe, anapigwa mionzi, amefika siku ya tisa. Aliyenipa namba alitaka nimtie moyo.

Tukasalimiana, tukaulizana watoto. Akasema ngozi yamuwasha, chakula hakipandi, lakini ashukuru. Nikamuuliza mkono je.

"Mkono mzima, dada. Si nauinua kila siku pale mezani."

"Pale mezani kuna mtu akuinua," nikamwambia. "Hebu uko na ukuta karibu?"

"Ukuta upo."

"Simama uuelekee. Weka vidole, vipandishe taratibu kama kaa, mpaka vikwame. Nitakungoja."

Akaiweka simu mahali. Nikasikia leso yake ikiburura sakafuni, halafu kimya, halafu kucha zikikwaruza ukuta, pole pole, zikipanda, zikasimama.